Pipa la Buluu

Mraru, 3 Februari 2025

Eddah binti yangu,

Habari za Doha? Huku tu wazima, ila joto linatukaanga bila mafuta.

Kwa unyenyekevu mkubwa, mimi babako Mwandawiro natangaza rasmi: nimepata pipa. La buluu, lenye mfuniko, bure! Lori lilimwaga mengi korongoni likaenda zake. Yalijaa uji wa kijani unaonuka kama yai viza lililochemshwa kwa petroli. Mengine yalipasuka, nikabahatika moja zima. Mimi na mamako tukaumwaga uji wake papo hapo, tukalisugua kwa mchanga na majivu. Mamako aliziba pua: "Mzee, hili hata fisi angelikataa." Nikamwambia fisi hajui ukame. Sasa niite Bwana Maji.

Babako

Doha, 20 Februari 2025

Baba, shikamoo.

Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Hongera Bwana Maji, lakini kitu kinachonuka hivyo si cha kuwekea maji. Kitupe! Halafu, mbona Mama hapokei simu? Wendy wa jirani anasema watu waliugua kwenye matanga ya Mzee Muinde, eti nyama ilikuwa mbovu. Mama alipika huko? Usinichekeshe, Baba. Niambie.

Mwanao, Eddah

Mraru, 9 Machi 2025

Eddah mwanangu,

Natumaini u mzima. Huku hatu wazima, na leo sitakuchekesha.

Haikuwa nyama. Unajua matanga ya kwetu, kila nyumba hupeleka pipa lake la maji. Langu ndilo lililokuwa zuri kuliko yote. Nililibingirisha mwenyewe, kifua mbele. Mamako akapikia maji ya pipa hilo, na mpishi ndiye huonja kwanza. Watu walitapika povu la kijani kilekile. Wengine wamepona. Yeye amelazwa Voi. Midomo inambanduka kama ganda la kitunguu, na daktari anasema figo zimegoma. Simu hapokei kwa sababu hataki uisikie sauti yake ilivyo. Omba ruhusa, uje.

Jumapili nilisimama kanisani nikawaeleza wote kwamba lilikuwa pipa langu. Wakalia, wakaniombea. Juzi lori likarudi, likamwaga mapipa mengine. Nilipofika korongoni niliwakuta walewale walioniombea, wamepanga foleni, wanamwaga ule uchafu chini. Mama Koki, aliyetapika karibu afe, alikuwa amelikalia pipa lake. Nikamsihi aliache.

"Nenda zako, Baba Eddah," akasema. "Wewe ulipata lako, hakuna aliyekuzuia. Sisi tutaosha vizuri zaidi."

Babako