Majina Yaliyoachwa na Mtambo

Mji wa Kale, Mombasa

Mama yangu mpenzi,

Naibusu mikono yako kutoka huku mbali. Goti lakuumaje siku hizi? Sisi hapa kwa mama mdogo tu wazima, alhamdulillahi, ila yeye ashikilia kuwa nimekonda, na kila atokapo Marikiti huniletea maembe kana kwamba nina mimba.

Mama, nataka ulijue jambo hili kwangu kabla hujasimuliwa na jirani yako Bi Rukia, kwa kuwa nilimkosea.

Ofisini kwetu, kwa wakala wa meli, nimepewa mtambo wa hesabu, ule mkubwa unaosoma kadi zilizotobolewa matundu. Juzi tuliletewa majina ya mahujaji wa meli ya Jidda, mafungu matatu. Mtambo huu waweza kuachiwa kazi kadhaa zikajiendesha zenyewe kwa pamoja, nawe ukaendelea na nyengine. Nikauachia mafungu yote matatu, kila moja kazi yake, kisha nikauamuru uchape orodha moja. Nikasahau kuuambia ungoje kwanza zote ziishe. Ukachapa, na fungu la tatu lilikuwa lingali likipangwa.

Asubuhi yake Bi Rukia akafika na mkoba wake, akaambiwa dirishani kuwa hamo orodhani, kwani jina lake lilikuwa katika fungu hilo la tatu. Nilipotoka nilimkuta ameketi kwenye ngazi, machozi yanamtoka.

Nikaenda kwa mkubwa wetu, Bwana Karim.

"Kosa ni langu," nikamwambia. "Sikuzingoja kazi ziishe."

Akaitazama orodha. "Meli yaondoka lini?"

"Kesho."

"Basi rudia. Na mara hii ngoja."

Nikatoboa kadi ya amri niliyoisahau: mafungu yote yaishe, ndipo uchape. Nikakaa mbele ya mtambo, hata chai sikunywa. La kwanza likaisha, na la pili. La tatu lilinitesa hadi adhana ya alasiri. Jina la Bi Rukia likatoka, na ya wenziwe wote.

Kesho yake nilimbebea mkoba hadi bandarini, nikamtaka radhi. Akanishika kidevu.

"Safari hii nimeingoja tangu hujazaliwa, mwanangu. Siku moja ndiyo ya kunikasirisha? Haya sema, nikuombee nini huko?"

"Niombee subira, mama."

Akacheka. "Hiyo mamako ameshaniagiza."

Nisalimie baba, na bibi mzaa baba, na shangazi wa mtaa wa pili. Kaka Athman, anayekusomea barua hii, mwambie asiruke pale nilipokosea.

Binti yako akupendaye,
Zuhura