Chumba Chako Hakinuki Tena

Mama,

Najua utapita kuchukua dawa yako nikiwa kazini. Sufuria ya jikoni usiimwage wala usionje! Ni ute wa mpungate, lile dungusi la miiba la uani, wa kuchanganya na chokaa ya kupaka kuta zako, kama alivyopaka Bibi. Chuo nilichokiacha hakikunifundisha hili. Ile rangi ya mafuta niliyopaka chumbani mwako, ikakubana kifua kwa harufu yake hadi ukahama, nimeikwangua yote.

Leo asubuhi ulipobisha, nilifungua mlango nimeziba pua, nikajifanya nazirai kwa harufu ya rangi. Ulikuwa utani tu. Kabla sijainuka sakafuni, ulishageuka kurudi kwa Mama Mdogo Chayo.

~~Rudi ukipenda.~~ Rudi leo. Ingia chumbani, vuta pumzi. Siku ya tisa hii napika maharage ya watu wawili, na hakuna wa kuniambia yameungua.

Mwanao mtundu,
Evodio