Mkono Unaopiga Chupa ni Wangu

(Majina yamebadilishwa)

Mpendwa mshauri, naomba unishike mkono kwa jambo hili, na ukiweza unijibu kabla mwezi uishe, kwa sababu baada ya hapo majina yatakuwa yamechapishwa na mimi nitabaki vile nilivyo.

Nina miaka hamsini na moja, nimeolewa hapa Navakholo, mzee wangu ni mkulima wa miwa na pia mzee wa kanisa. Kabla ya ndoa nilikuwa napiga chupa. Vijana hawawezi kujua, lakini gita la kwetu lilikuwanga na mwenzake, chupa ya soda ile yenye mistari, unaikwaruza na kuigonga kwa msumari, na mwenye gita anakufuata wewe. Mimi nilimpigia Wanzala, jirani yetu kule Chekalini, wakati amegombana na bendi yake akatoka akasema atarekodi kanda yake mwenyewe, gita moja na chupa moja, mwaka wa 1993. Tulirekodia jikoni kwa shangazi yake kwa sababu ilikuwa nyumba ya nyasi na mvua haisikiki kama kwa mabati, maikrofoni imening'inizwa kwa kamba, moshi unatuwasha macho, na kwa wimbo wa pili kuku akaingia akalia na Wanzala akacheka lakini mimi sikuacha kugonga, na huo ndio wimbo watu walipenda zaidi. Hakukuwa na kitu kati yangu na Wanzala, hata siku moja. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sijawahi kufurahi namna ile tena, hata siku ya harusi, Mungu anisamehe.

Nilimwomba asiandike jina langu, baba angenichapa, kwa hivyo kwa kanda aliandika tu "Chupa: rafiki."

Mwaka uliofuata nikapata mchumba, na siku ya kwanza kunipeleka kwao akaweka kanda kwa redio, mshauri, ikawa ni hiyo. Akaniambia, "Huyu wa chupa ndiye mwenye kazi. Bila yeye Wanzala angepotea njia." Nilikuwa nimefungua mdomo niseme ni mimi, lakini mama yake akatangulia, akasema amesikia ni msichana, na mwanamke wa kuzunguka na magita hawezi kutulia kwa boma la mtu. Mchumba wangu akacheka. Basi nikafunga mdomo nikanywa chai, na nimeufunga miaka thelathini na moja.

Mama mkwe alishafariki. Mzee bado anasikizanga ile kanda kila Jumapili baada ya ibada, anagonga meza na kijiko, anakosea, na mikono yangu inawasha. Mwezi wa pili ilikatika, akaiunga na selotepu akaniita kutoka shambani nije nisikize kama chupa imekaa sawa. Nikamwambia imekaa sawa. Nikarudi kupalilia nikilia.

Sasa msichana mmoja, Mitchel, wa kampuni ndogo ya muziki Nairobi, anaitoa upya kwa santuri na kwa mtandao, na anataka jina la rafiki. Wanzala amenipigia, akasema hatalitoa bila mimi kukubali. Nikikubali, mzee atajua nimemficha ndoa nzima, na kanisa pia litaongea. Nikikataa, nitazikwa bila mtu kujua kitu kimoja nilichokifanya vizuri kuliko wote. Nifanye nini?

Mpiga chupa, Navakholo

MAJIBU

Dada, pole. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nagonga meza. Kwetu pia palikuwa na jiko la nyasi na redio ya betri zinazoanikwa juani, na najua kilichokuliza kule shambani.

Lakini nitakugombeza. Hukuiba, hukuzini, ulipiga chupa. Aliyekutisha ni marehemu, na bado unamtii kama yuko hapo sebuleni anakutazama. Umekaa kwako miaka thelathini na moja ukisikiliza mikono yako mwenyewe kama mgeni. Hiyo haikuwa heshima, dada, ilikuwa woga, na mumeo pia umemnyima kitu.

Halafu nikuulize. Mtu anaunga kanda, ana masikio yake mawili. Kwa nini akuite wewe kutoka shambani? Sisemi anajua. Nasema mwanamume huyo ameishi na wewe, amekusikia ukikoroga ugali na ukitwanga karanga, na swali lile hakumpelekea mwanakwaya yeyote.

Kwa hivyo mwambie, tena wiki hii, mchana, mkiwa wawili. Usimtume Wanzala wala mchungaji, na usingoje asikie kwa redio, maana hapo ndipo utakuwa umemkosea kweli. Usianze na "nisamehe." Anza na "ni mimi." Ukishasema, mwombe msamaha kwa kukaa kimya, hapo anastahili. Kisha mwambie pia kwamba alicheka siku ile, na kwamba kicheko chake kilikuumiza kuliko maneno ya mamake. Labda hakumbuki. Mkumbushe.

Akinuna, mwache anune siku zake. Kanisa likiongea, litachoka. Kuhusu jina usimwombe ruhusa, mpe habari. Mpigie Mitchel akiwa ameketi hapo anasikia, na utaje jina ulilopewa na baba yako, herufi kwa herufi, wasije wakalikosea.