Kisanamu cha Nadine

Kambi ya Mtabila, Kasulu
Agosti 1997

Kwa Shemeji Marselino, Kibondo,

Maharage yamekomaa, na mama yako hakohoi tena.

Mwaka jana, kabla hatujakimbia Burundi, ulimnyang'anya binti yangu Nadine kisanamu cha mfupa wa ng'ombe alichochongewa na marehemu baba yake. Ulikitupa motoni ukisema, "Huu ni uchawi!" Juzi Padri alinionyesha kitabu chenye picha za visanamu vya Wakopti, Wakristo wa kale wa Misri. Navyo ni vya mfupa, macho ya duara, havina mikono. Nililia mbele yake. Ndugu yako alichonga vilevile bila kuona kitabu.

Unasema unakuja Krismasi. Usije. Nadine akikuulizia, nitamwambia baba yake mkubwa alibaki Burundi pamoja na waliokufa.

Aliyekuwa shemeji yako,
Kezia