Rauta ndani ya sufuria ya harusi

"Wewe ndiye unayeimaliza intaneti!" Hivyo ndivyo nilivyomwambia Lillian wa mlango wa pili. Shoga yangu Zubeda, mimi huyo! Tena mbele ya wageni wote niliowaalika chakula!

Unajua tunachangia waifai moja, mitambo iko kwangu. Amekuja mbio, jasho linamtoka. Ana usaili wa kazi ya ofisini mtaa wa Kacyiru, wa video, sasa hivi, na waifai hakuna.

Badala ya kumsaidia, nikafungua darasa. "Mdogo wangu, modemu inaleta intaneti kutoka nje. Rauta inaigawa hewani kwa simu zetu. Ukiivuta yote wewe, sisi tule nini?"

Wageni wakaitikia "kabisa!" Nikanogewa, si unanijua.

Lillian akauliza taratibu, "Mama Ntare, hiyo rauta iko wapi?"

Yewe! Nikakumbuka nilipoiweka.

Asubuhi nilitaka kabati lipendeze, nipange chupa za chai. Rauta nikaitia kwenye ile sufuria kubwa ya harusi, waya ukatokeza pembeni, nikafunika, na kitambaa juu!

Tukafunua. Imewaka, taa zinameta. Mtaalamu mimi nimefungia hewa ndani ya chuma. Ilikuwa inaugawia mfuniko intaneti!

Lillian akafanyia usaili palepale kwangu, wageni kimya kama msikitini. Wamempa kazi, Zubeda! Akainuka aondoke, hanitazami.

Nikamshika mkono. "Mdogo wangu, nisamehe. Njoo ule, pilau iko tayari. Nimeipika kwenye sufuria nyingine."