Moringa ya Mahoo

Mghoi, rafiki yangu,

Miti yako haipo tena. Niliing'oa mimi, kwa jembe langu, hata udongo wa kaburi lako haujakauka. Afadhali ulisikie hili kutoka kwangu.

Wewe ndiye uliyetoa shamba. Ofisa wa moringa alipokuja Marungu na miche ya aina tatu, mbili za India na moja ya Pwani, akitafuta mahali pa kuilinganisha, wenzetu wote wa kikundi cha wakulima walisema mashamba yao ni ya mahindi. Mahindi gani, Mghoi, kwa mvua hii? Ukasema, "Leta kwangu." Kisha ukaongeza safu ya nne, ya mbegu ulizotoa Mahoo, kwa marehemu baba yako. Ofisa alicheka kidogo, akakubali, akaandika "ya kienyeji."

Kila wiki ya pili tulipima. Wewe ulishika fimbo yenye alama, mimi nikaandika, kwa kuwa nilikuwa sekretari na wewe ulisema hati yako ni kama kuku amechakura. Mimi mtoto wa kota za reli, nisiyejua kulima, ulinichukua ukanifundisha. "Nekesa, jembe si ufagio." Bado naisikia.

Majani tuliyaanika juu ya neti katika jiko lako la zamani, mbali na jua, kisha tukayatia kwenye mifuko ya khaki ili ofisa ayapeleke maabara Nairobi. Ni pale kwenye neti ulipogundua. Karai zima la majani ya India likikauka linabaki konzi tu. La Mahoo linajaza bakuli. Ukatafuna, ukanipa na mimi nitafune. "Huu umeshiba," ukasema. "Ile mirefu imekimbilia juu, haina kitu."

Halafu siku ya wakulima. Ofisa alisimama mbele ya moringa ya India iliyompita kichwa akatangaza kwamba huu ndio mti wa kupanda. Miti yako ilimfika kiunoni. Ukainua mkono.

"Bwana ofisa, tutakula majani ama tutakula urefu?"

Watu wakacheka. Walikucheka wewe.

"Mama, hii ni sayansi," akakujibu.

Ukanigeukia. "Sekretari aliona kwenye neti. Nekesa, waambie."

Niliangalia chini. Ofisa alikuwa ameniahidi kazi ya kutunza kitalu cha miche, na nilikuwa nimeshaanza kujiona nayo. Daftari lilikuwa mkononi mwangu, Mghoi. Sikulifungua.

Hukunitukana. Jioni ulinimiminia chai kama siku zote, ukauliza habari za watoto. Bora ungenitukana.

Mwezi haukuisha, presha ikakuangusha kwenye foleni ya maji. Siku mbili hospitalini Voi, ya tatu tukaletewa habari. Sikupata kukuambia chochote. Nilikuwa nangoja uamke.

Baada ya mazishi mwenyekiti wetu akaitisha mkutano. Akasema safu ya nne inakula maji bure, ing'olewe, tuongeze ya India. Mwanao alikuwa amesharudi Mombasa kazini, na alikuwa ametuachia shamba tuendelee. Hakukuwa na wa kukataa isipokuwa mimi. Nikaitikia kwa kichwa kama wengine. Kisha wakauliza nani amekuja na jembe.

Mizizi ilikuwa minene kama mihogo. Ilipokatika ilitoa ile harufu kali inayochoma pua, machozi yakanitoka. Wenzetu wakaniambia pole, wakidhani nakulilia wewe. Sikuwakatalia.

Wiki iliyopita majibu ya maabara yalikuja. Ofisa alinionyesha kwenye simu yake. Kwa urefu, yako ni ya mwisho. Kwa protini, ya kwanza. Kwa madini ya chuma, ya kwanza, na imeziacha nyingine mbali. Akasema, "Kumbe!" Hiyo ndiyo heshima uliyopata, Mghoi. Kumbe. Halafu akauliza mbegu ziko wapi. Mbegu zitoke wapi? Miti ilikuwa bado michanga na tulikuwa tunaichuma majani kila mara, haikuwahi kuzaa hata ganda moja.

Nikapanda gari hadi Taveta, nikaenda Mahoo kwa miguu. Kaka yako Mwadime alinipa kiti na maji. Mti wa baba yenu upo, maganda yananing'inia hadi kwenye paa. Nilimweleza yote, hata ya jembe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada aliniambia walivyomcheka," akasema. "Akaniambia pia nani alikuwa na daftari."

Akainuka. "Mama, maji umekunywa. Usije ukakosa gari."

Hakunipa hata mbegu moja. Njia nzima nilijaribu kumkasirikia, nikashindwa. Ningekuwa yeye, hata kiti nisingetoa.

Na jana ofisa alileta ripoti nitie saini kwa niaba ya kikundi. Nimeisoma yote. Jina lake liko mbele, la mwenyekiti lipo, langu lipo, eti msaidizi wa utafiti. Lako nimelitafuta ukurasa kwa ukurasa. Safu ya nne imeandikwa hivi: "Aina ya kienyeji. Haijulikani ilikotoka."

Haijulikani! Nilimwambia inajulikana, nimetoka huko juzi, vumbi la huko bado liko kwenye viatu vyangu. Akanitazama kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma. "Mama Nekesa, marehemu hawezi kutumia ripoti. Wewe bado una watoto, na kitalu kinakungoja."

Karatasi iko hapa mezani, haina saini. Ijumaa kikundi kinakutana. Nitasimama niseme safu ile ilikuwa ya nani, ilitoka boma gani, na ni nani aliyeing'oa akijua. Kitalu kitafutiwe mtu mwingine. Watanicheka, na safari hii wanicheke mimi.

Sikuombi msamaha, maana huwezi kunikatalia, na msamaha wa namna hiyo siutaki. Nakuahidi jambo moja tu: mpaka jina lako liandikwe pale, kalamu yangu haitagusa karatasi ile.

Kwaheri, Mghoi. Pumzika, dada.

Nekesa