Mlango Ulioangalia Mto

Kathoko, ndugu yangu,

Ndiyo, bado nakuita hivyo. Miaka sita ulijaribu kuufundisha ulimi wangu wa Kikipsigis kutamka Gathogo, ukachoka, ukaanza kuitika. Hata Jumamosi iliyopita, nilipoambiwa niseme machache kaburini kwako, nilisema Kathoko, na dada zako wakacheka huku machozi yanawatoka. Nikaona angalau nimewafaa kwa jambo moja.

Baba yako amekonda. Bado anakula viazi vya kupondwa, anatafuna kwa upande mmoja, pole pole. Tulipomaliza kufukia alinishika mkono mbele ya watu wote akasema, "Huyu ndiye mwanangu aliyebaki." Kathoko, nilitamani nirukie humo ndani unisogezee nafasi.

Kwa hivyo nikuambie lile ulilokataa kuambiwa.

Asubuhi ile ya vita vya kwetu na kwenu tulivuka mto tukiwa wengi, nyuso tumezipaka udongo mweupe. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, mke, watoto watatu na upara. Hata kisingizio cha ujana sina. Wenye mishale walitangulia. Mimi nilipewa kiberiti na mawe, maana walijua sina shabaha. Nikirushia ng'ombe jiwe nampiga jirani.

Nyumba ya kwanza iliwaka. Ya pili iliwaka na mahindi yote ndani, yakawa yanalipuka kama bisi na watu wakicheka. Ng'ombe mmoja alikatwa mishipa ya miguu ya nyuma, akawa anajikokota kwa magoti huku akilia. Katikati ya michai alilala mtu na mshale shingoni, vidole vyake vinaupapasa kama mtu anayetafuta kifungo cha shati. Nilimruka. Sikusimama, sikumwita jina, na jina lake nililijua. Nilimruka tu.

Halafu nyumba yenu. Mlango uliangalia mto. Nakumbuka kwa sababu kwetu mlango huangalia jua linapochomoza, nami nikawaza, hawa watu hata mlango hawajui kuuweka. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiwaza.

Baba yako akatoka. Mikono mitupu, ameiinua juu, anasema kitu. Nikarusha. Katika maisha yangu yote ni jiwe hilo moja tu lililokwenda nilikolituma. Lilimpata kwenye taya. Maneno yake sikuyasikia, lakini mfupa niliusikia, kama kuni mbichi inapovunjiwa gotini. Akakaa chini taratibu, kama mtu aliyeletewa kiti. Wenzangu wakanipiga mgongoni kunisifu. Dada zako wakatoka mbio, wakamburuta kwenye michai, na mimi nikatapika nyuma ya zizi huku paa lenu likishika moto.

Ndimi, Kathoko. Ule udongo ulinificha uso.

Agosti ya mwaka uliofuata kanisa likatangaza kambi ya vijana, kujenga nyumba zilizoteketea. Mke wangu aliandikisha jina langu bila kuniuliza. Mpaka leo sijui alijua nini. Mchungaji akatupanga wawili wawili, mmoja wa ng'ambo hii na mmoja wa ng'ambo ile, na kila wawili sahani moja. Nikapangiwa wewe. Ukaniangalia kichwa ukaniuliza, "Mzee, umemleta mtoto wako?" Watu wakacheka, nami nikacheka.

Tulikanyaga udongo siku mbili, tumeshikana mabega tusiteleze. Nilikuangusha mara tatu. Ulisema hujawahi kuona mtu mzima anayeshindwa hata na matope.

Siku ya tatu ikawa zamu ya nyumba yenu. Palibaki majivu tu, na majani yalishaota juu yake. Wenzetu wakasimama wakiulizana pa kuanzia. Mimi kwa kiherehere changu, nikitaka nionekane wa maana, nikashika jembe nikaanza kuchimba mashimo ya nguzo za mlango. Upande wa mto. Hakuna aliyekuwa ameniambia.

Nilipoinua macho ulikuwa umesimama juu yangu, sururu mkononi. Ukaangalia shimo, ukaniangalia mimi. Nikaona umejua. Ukainua sururu mpaka juu ya kichwa, na mimi nikafumba macho. Sikukimbia. Usidhani ni ushujaa. Nikasikia kishindo kando ya mguu wangu, udongo ukanirukia. Ulikuwa umeanza shimo la nguzo ya pili.

"Mlango ulikuwa hapo hapo," ukasema. "Chimba."

Jioni tukiosha miguu mtoni nilianza, "Siku ile, mimi..." Ukanikatiza: "Tumalize ukuta kwanza." Na kwenye chakula ukazisukuma nyama zote upande wangu wa sahani, umenuna kama umelazimishwa.

Nilikuwa nikienda kanisani tangu utotoni, naimba besi ya kuharibu kwaya. Lakini kuamini nilianzia pale kwenye shimo, nimefumba macho, nikingoja chuma ambacho hakikuja. Mahubiri yote ya baadaye nimeyapima kwa kile kishindo.

Ukuta uliisha. Tukaezeka mabati. Ukambeba binti yangu siku ya ubatizo, akakukojolea koti. Kila nilipofungua mdomo ulisema kuna kitu tumalize kwanza: paa, mavuno, harambee ya mtu. Ulijua nilikuwepo. Kama ulijua kuhusu jiwe, sijui. Halafu ukaenda kuuza vitunguu Bomet, malaria ikakupanda kichwani, na nilipofika hospitali ya Longisa na ndizi zako mbivu nikakuta kitanda kimetandikwa upya. Ndizi nilizila mwenyewe barabarani, nalia kama mjinga. Ungenicheka.

Sasa baba yako amenitumia watu. Mvua imekula ukuta wa upande wa mto, anataka mwanawe aende aukandike.

Nitakwenda Jumamosi hii. Lakini sitakanyaga udongo, wala sitashika kikombe chake cha chai. Nitasimama pale pale mlangoni aliposimama yeye, mikono mitupu, na nitamwambia ni nani aliyerusha. Akinifukuza, nitakuwa nimefukuzwa na mwenye haki. Akiinua sururu, safari hii sitafumba macho. Akinyamaza, nitangoja hapo hapo mpaka aseme, na nitamuuliza siku ile alikuwa anasema nini.

Lala, Gathogo. Ona, nikiandika naliweza jina lako.

Na yeye akiniambia tumalize ukuta kwanza, nitakataa. Ukuta tulishaumaliza, mimi na wewe.

Wako, kijana mwenye upara,
Rono